Mboji ya Mama Pimbi Imeiva

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa pakacha?
— Pakacha limejaa!
Limejaa nini?
— Uongo mtamu!

Haya, nyamazeni basi. Hapo kale palikuwa na Mama Pimbi, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno. Aliishi na wanawe juu ya mwamba mtupu. Na mwamba hauoti mchicha, jamani! Basi akasuka fito, akajenga vitalu vya kupandia mboga, vimenyanyuka juu ya jiwe. Vizuri, lakini vitupu. Udongo wote wa bondeni ulishikwa na Ngiri, jitu la meno ya nje.

"Shikamoo, Bwana Ngiri. Naomba udongo kidogo. Mvua zi karibu, nisipopanda wanangu watakufa njaa."

"Marahaba. Udongo wangu! Mizizi yangu! Kila kinachofukuliwa changu! Toka!"

Mama Pimbi akarudi akilia. Alipokwisha kulia, akafikiri. Akakusanya majani makavu, tupa! Maganda ya ndizi, tupa! Samadi ya mbuzi, tupa! Akamwagia maji, akafunika kwa majani ya mgomba. Siku zikapita, lundo likapata moto ndani kwa ndani, mvuke ukatoka, fuuu!

Ngiri akauona. Mate yakamdondoka, do! do! do!

"We Pimbi, unapika nini?"

"Mboji, Bwana."

Ngiri hakuijua mboji, akaona haya kuuliza. "Aa, mboji! Marehemu mama akiipika sana. Imeiva?"

"Bado. Haiivi bila kugeuzwa, na vikono vyangu vifupi."

"Nitageuza mimi. Lakini yote nitakula mimi!"

"Wewe tu, Bwana."

Ngiri akageuza, fuku! fuku! Cha chini juu, cha juu chini.

"Imeiva?"

"Bado, geuza."

Fuku! fuku! Mgongo ukamuuma.

"Imeiva?"

"Bado, geuza."

Fuku! fuku! Mpaka asubuhi moja Mama Pimbi akashika kidogo, akanusa. Nyeusi, laini, yanukia mvua.

"Imeiva! Ila mkubwa hali jikoni, Bwana. Pakua kwenye sinia zile." Akaonyesha vitalu.

Ngiri akapakua, pwata! pwata! Kitalu cha kwanza kikajaa, cha pili kikajaa, na cha mwisho nacho kikajaa. Wanyama wakaja kutazama karamu. Akapanua kinywa, akabugia.

"Ptuuu! Huu udongo!"

"Ni mboji, Bwana. Haikuiva?"

"Udongo mchafu! Sikieni nyote! Si wangu huu, sitaki hata kuuona!"

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!" wakajibu wanyama wote, na Ngiri akashuka bondeni mkia juu.

Mvua ikanyesha, mchicha ukajaa tele. Watoto wa Pimbi wakala mpaka matumbo yakalia ndu! ndu! Mama yao akapiga vigelegele, mwamba mzima ukaitikia. Raha iliyoje!

Hadithi yangu imekwisha, makombo yake mwagieni mchicha. Na funzo lake, watoto, ni hili: atakaye kula, sharti atoke jasho lake mwenyewe. Mama Pimbi huwafundisha hivyo wanawe kila siku, akiwa amelala chali juani.