Jina la Mtoto wa Tunu

Sogeeni, wenye masikio na wenye ubishi pia. Leo nawaletea kesi, na hukumu mtaitoa nyinyi.

Walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na chake. Bi Mishi alijaliwa kifua: siri ukimpa, umeizika. Nakiete, mtaalamu wa maabara pale zahanati, alijaliwa macho. Muuguzi Sikujua alijaliwa miguu, na moyo wa kuifuata miguu yenyewe. Tunu, mke wa mwana wa Bi Mishi, yeye alikuwa na mimba tu, na siku moja uchungu ukamshika, akapelekwa zahanati.

Sasa jueni hili. Mwaka uliotangulia shemeji yake Tunu, mwana mwingine wa Bi Mishi, aliugua, macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Nyumba nzima ikasema karogwa. Bi Mishi akaleta mganga, naye mganga akawachanja chale wote kwa wembe mmoja, akianza na mgonjwa. Kisha mganga akawaapisha: atakayelisema jambo hili nje, kinga itavunjika na mwingine atakufa. Mgonjwa hakupona, lakini kiapo kilibaki.

Bi Mishi alikuwa kwenye benchi la zahanati aliposikia kina mama wakielezwa kwamba homa ya ini, ile ya macho manjano na tumbo la maji, hupita kwenye damu. Akaukumbuka wembe. Alikuwa amebakiwa na mwana mmoja, mume wa Tunu, na kiapo alikiamini kabisa. Kwake yeye, kusema ilikuwa kumzika na huyo. Akaingia ndani walikokuwa Tunu na Nakiete, akasema. "Huyu mkwe wangu tulimchanja kwa wembe wa marehemu."

Tunu alisikia yote, na kati ya uchungu na uchungu akamchukia mama mkwe wake waziwazi.

Nakiete akamtoa damu. Kwenye kipimo ukatokea mstari mmoja, wa salama. Tunu akashusha pumzi.

"Subiri, dada," Nakiete akasema, akakisogeza kipimo dirishani. Mstari wa pili ulikuwepo, hafifu mno, mwingine asingeuona. Akarudia kwa kipimo kingine. Ukatokea tena. "Ni homa ya ini, aina ya B."

"Mbona nalima, nakula, macho yangu meupe?"

"Wengi wako hivyohivyo. Aina za A na E huja na maji na chakula kichafu. Hii hupita kwenye damu, na mama humpa mtoto anapojifungua. Mwanao achanjwe leoleo."

Mtoto akazaliwa, wa kike. Friji ya zahanati ilikuwa imeharibika, chanjo iko hospitali ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limesombwa na mafuriko. Sikujua hakuuliza nani aende. Akaingia mtoni maji yakiwa kifuani, na kurudi akarudi na kisanduku cha barafu kichwani. Katikati akateleza, akanywa maji, asikiachie kisanduku. Huku Tunu alimkumbatia mwanawe, akitazama jua likishuka. Jua halijazama, sindano ikaingia pajani.

Chanjo nyingine zikafuata kliniki. Tunu akaanza kufuatiliwa hospitali, na nyumba nzima ikapimwa. Mtoto alipoanza kutembea, damu yake ikapimwa. Safi. Tunu akalia mbele za watu.

Kwao, mtoto wa hatari hungoja jina mpaka ijulikane kaokoka, kisha hupewa jina la aliyemwokoa, naye humlea kama wake. Jina ni moja tu.

"Mama asingesema, nani angejua?" mume wa Tunu akauliza.

"Na wembe ulikuja na nani?" Tunu akamjibu.

Jirani mmoja akasema Nakiete alifanya kazi yake tu. Mwingine akamuuliza kama kazi ile ilimlazimu kurudia kipimo. Wa tatu akasema Sikujua ndiye aliyeuweka uhai wake majini. Bi Mishi akainama. "Langu msimpe," akasema.

Basi wote watatu wameketi mkekani, Tunu kambeba mwanawe, watu wanamngoja. Wewe je? Ungekuwa Tunu, mtoto mzima mikononi na ugonjwa ungali damuni mwako, ungemwita nani?