Mkaja wa Mama Siwema na Shuka la Kiboko

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na nguo.
Nzima au imechanika?
Tuambie wewe uliyeifua.

Haya, sogeeni mikekani, nitawaambia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo kama sisi, nguo zilikuwa za namna tatu. Simba na jamaa zake walivaa hariri iliyofumwa na Buibui, na Buibui hakuthubutu kutaja bei. Wanyonge walivaa magamba ya nyoka, yaliyokwisha kuvaliwa na kuvuliwa na wenyewe. Yalibana mabegani, lakini yalikuwa rahisi. Waliobaki, wale wasio wakubwa wala wanyonge, wenye kishamba kidogo na heshima kidogo ya kulinda, hao walinunua kwa Kiboko.

Duka la Kiboko lilikuwa kivukoni, mahali ambapo kila mwenye kiu alilazimika kupita. Aliuza mashuka, na kipimo chake kilikuwa kimoja kwa wote: shuka lilimbana Ndovu, lilimpwaya Panya. Mwaka wa kwanza shuka liliuzwa kibaba kimoja cha mtama, na ukilikung'uta lililia pu, kama mlango uliofungwa. Mwaka wa pili likawa vibaba viwili, na ukilikung'uta lililia pe. Mwaka wa tatu, ule wa hadithi yetu hii, shuka lilikuwa pishi nzima ya mtama, yaani vibaba vinne, na ukilikung'uta halikulia kitu. Liling'aa tu, kwa sababu lilikuwa limejaa wanga.

Bei ikapanda, shuka likapungua. Wateja wakaanza kurudi.

Akaja Swala. "Bwana Kiboko, shuka lako limechanika mgongoni, raa."

"Uliruka?"

"Niliruka. Mimi ni swala."

"Basi. Hilo si shuka la kuruka."

Akaja Ngiri. "Bwana Kiboko, shuka lako limepasuka nyuma, fyaa. Nimetoka harusini kinyumenyume mpaka nyumbani."

"Ulikaa?"

"Nilikaa. Watu wote walikaa."

"Basi. Hilo si shuka la kukaa."

Akaja Bi Kanga, mama wa vifaranga wengi. "Bwana Kiboko, rangi imechuja, imeingia kwenye nguo za watoto. Wote sasa ni buluu, simjui wangu ni yupi na wa jirani ni yupi."

"Ulilifua?"

"Ningefanyaje, na watoto wote hawa?"

"Hilo si shuka la kufua, mama. Likichafuka, nunua jingine."

Na kila aliyeuliza kwa nini bei imepanda alipewa jibu moja. "Pamba imepanda, ndugu yangu. Hata mimi naumia." Akasema hivyo huku akijipapasa tumbo, nalo lilikuwa tumbo lisiloumia. Swala akaondoka, Ngiri akaondoka, Bi Kanga akaondoka. Gulio lililofuata wote walirudi kununua, kwa maana wangevaa nini?

Sasa, juu ya kivuko kile palikuwa na kilima cha mawe, na kilimani aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, hana pembe, hana kucha za maana. Alikuwa mgane. Mkewe, Mama Siwema, alifariki wakati wa vuli. Asubuhi Pimbi alitoka kuota jua kwenye jiwe lao, akalala upande wake, na upande wa pili akauacha kama ulivyokuwa.

Binti yao, Siwema, akaposwa na kijana wa kilima cha ng'ambo. Siwema hakuwa msemaji, ila tangu aposwe alikuwa akiimba akichota maji, na Pimbi hakuwa amesikia wimbo nyumbani kwake tangu vuli ile.

Pimbi wana desturi yao. Wakwe huleta mkaja, nguo ya mama wa bibi harusi, ya kumshukuru kwa kubeba na kulea. Mama akiwa amefariki, mkaja hutandikwa juu ya jiwe alilokuwa akiota jua, nao hukaa hapo masika yote. Mvua ikikatika na mkaja ni mzima, mama amekubali, harusi ifanyike. Mkaja ukichanika, mama amekataa. Mahari hurudi, na kijana huenda kuposa kwingine.

Wakwe wakaja, na mshenga wao alikuwa Mzee Kobe. Akautoa mkaja mkobani, ukang'aa mpaka watoto wakasogea.

"Tumenunua kwa Kiboko," akasema Kobe. "Pishi nzima, na hakupunguza hata punje."

Pimbi akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kama ipasavyo. Wageni walipokuwa wakila, akautoa nje, akafanya kama alivyokuwa akifanya mkewe: akaugeuza ndani nje, akaulamba pindoni, akavuta uzi mmoja. Ulimi ukajaa wanga. Uzi nao ukaja, ukaja, ukaja, mpaka pindo la upande mmoja likaisha.

Pimbi akakaa chini. Mkaja ule usingemaliza hata mvua ya kwanza. Kuukataa ni kuwatukana wakwe. Kuutandika ni kumvunjia mtoto harusi. Ndani, Siwema alikuwa akiwanawisha wageni mikono, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua lolote.

Akarudi ndani, akaketi karibu na mshenga. "Mzee Kobe, nina swali la desturi. Mkaja ukishapokelewa ni wa nani?"

"Wa mama."

"Na mama akitaka kuubadilisha?"

Kobe akacheka taratibu, maana alimfahamu marehemu. "Yule? Yule aliwahi kununua kitu asikirudishe? Mali ni yake, na abadilishe. Ila iwe shuka kwa shuka, asiongezewe wala asipunguziwe."

Ilikuwa kweli. Mama Siwema alirudisha vyungu, alirudisha nyungo, siku moja alirudisha boga lililokwisha kupikwa. Pimbi alikuwa akisimama nje ya duka akitazama mawingu, kama mtu aliyepita tu na safari yake. Lakini masikio yake yalikuwa ndani. Mkewe hakupaza sauti hata mara moja. Na njiani kurudi nyumbani alikuwa akimwambia, "Baba Siwema, mwenye duka usimwendee akiwa peke yake. Akiwa peke yake hana haya. Ngoja duka lijae."

Pimbi akangoja. Wakati akingoja, akakaa juu ya kilima akitazama kivuko na kujiuliza shuka zima litapatikana wapi nchi hii. Akawatazama wanyama wakipita. Huyu ameshona kiraka, yule amefunga fundo. Kisha akamtazama Kiboko mwenyewe.

Ngozi ya Kiboko haipatani na jua. Kwa hiyo alipokuwa dukani alijifunika shuka kuukuu, la kahawia, zito, na kila lilipokauka alilichovya mtoni na kujifunika tena. Pimbi alikuwa amelitazama shuka lile miaka mingi bila kuliona. Linalowa asubuhi, linalowa mchana, linalowa jioni, na hata pindo halijalegea.

"Kumbe," akasema Pimbi.

Siku ya gulio duka likajaa. Swala yupo, Ngiri yupo, Bi Kanga yupo na vifaranga vyake vya buluu. Na siku hiyo alikuja Bi Ndovu kutoka bondeni, anatafuta sare ya ukoo mzima kwa sherehe ya mjukuu wake. Ukoo wa ndovu si mdogo. Kiboko alikuwa amekwisha kumtandikia jamvi na kumletea maji ya kunywa.

Pimbi akaingia, mkaja kwapani, tiki tiki tiki.

"Hodi, bwana mkubwa."

"Karibu, mdogo wangu. Na pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Nimekuja kuuliza. Mimi mambo ya nguo siyajui. Aliyekuwa akiyajua hayupo."

"Uliza tu, hapa ndipo mahali pake."

"Mashuka haya mapya na yale ya zamani, yapi bora?"

Kiboko akamtupia jicho Bi Ndovu. "Mapya. Hayalingani hata kidogo."

"Ndiyo maana bei imepanda?"

"Ndiyo maana."

"Mimi nilisikia ni pamba."

"Na pamba pia."

"Sasa, mtu mwenye shuka la zamani akipewa jipya, shuka kwa shuka, bila kuongeza punje, huyo amepunjwa au amefaidi?"

"Huyo ameokota, mdogo wangu. Ameokota barabarani."

"Na akikataa?"

"Akikataa ni mjinga," akasema Kiboko, akacheka, hoo hoo hoo, na duka zima likacheka naye.

Pimbi akaufungua mkaja, akautandaza mbele yake. "Basi, bwana mkubwa, okota. Hili ni jipya, bado lina mkunjo wa dukani kwako. Nipe hilo ulilojifunika."

Kicheko kikaisha.

"Hili?" akasema Kiboko. "Hili kuukuu. Nitakuwa nimekuonea."

"Nionee."

"Linanuka tope."

"Mimi ni mgane, bwana mkubwa. Nyumbani kwangu hakuna wa kulalamika."

Kiboko akatazama kushoto, Swala anamtazama. Akatazama kulia, Ngiri anamtazama, naye amesimama, kwa sababu tangu ile harusi hakuthubutu tena kukaa. Akatazama mbele.

"Mpe," akasema Bi Ndovu kwa upole. "Nasi tulione hilo jipya mwilini, maana ndilo tulilokuja kununua."

Kiboko akahesabu ndovu moyoni: kila ndovu pishi moja. Akafikiri pia kwamba Pimbi ni kitu kidogo, na kitu kidogo hunyang'anywa baadaye njiani. Tamaa ikamwambia, toa. Akalivua, akalitoa.

"Mungu akuzidishie," akasema Pimbi. Akalikunja, akajitwika, akaondoka. Hakukimbia mpaka alipofika kwenye mawe. Hapo akakimbia, tiki tiki tiki, hadi juu, mahali ambapo mguu wa kiboko haujawahi kufika.

Kule dukani Kiboko akalivaa shuka jipya. Akalivuta huku, akalivuta kule, likamfika. Akageuka mbele, akageuka nyuma. "Mnaona?" Wakaona. Jua nalo likapanda. Mgongo ukaanza kumwasha. Akavumilia kwa ajili ya wale ndovu. Ukazidi kumwasha. Akavumilia kidogo tena. Kisha uvumilivu ukaisha, akaenda mbio mtoni, ndi ndi ndi, chubwi.

Wanga ukayeyuka. Rangi ikatoka, mto ukawa buluu mpaka kwenye kona. Uzi ukaenda na maji. Kiboko alipoibuka alikuwa amebakiwa na pindo shingoni, kama mbuzi aliyekata kamba.

Bi Ndovu akainuka jamvini. "Sisi tutavaa vumbi letu," akasema, akaenda zake. Na hilo ndilo wanalovaa mpaka leo.

Kiboko akapanda ufukoni, ndi ndi ndi, mpaka chini ya kilima, na gulio zima nyuma yake. "Pimbi. Shuka lako limeyeyuka."

"Lako, bwana mkubwa. Langu ni hili."

"Nimeingia nalo majini tu, na mimi ni..."

Akageuka. Swala alikuwa nyuma yake, na Ngiri, na Bi Kanga na watoto wake. Wote walikuwa wametulia, wanangoja kwa adabu amalize sentensi. Kiboko akafungua kinywa ajibu. Kinywa kikafunguka, kikafunguka zaidi, jibu halikuja. Jua likamchoma, akarudi majini. Tangu siku hiyo hukaa humo mchana kutwa, hana shuka, na mara kwa mara hutoa kichwa na kufungua kinywa chote. Watu husema anapiga miayo. Hapigi miayo. Bado anatafuta sababu.

Pimbi akalitandika shuka juu ya jiwe, upande ule wa mkewe. Masika yakaingia. Mvua ikanyesha chwa, chwa, chwa, usiku na mchana, mawe madogo yakaporomoka, mkaja ukakaa. Upepo ukaja, ukaushika pembe, ukauachia. Siwema alikuwa akichungulia mlangoni kila mvua ilipopungua, na hakuimba siku zile, naye babake kila alfajiri alitoka kwenda kutazama kwanza, kabla mtoto hajaamka.

Mvua ikakatika. Mzee Kobe akaja na wakwe, akakipanda kilima kwa mwendo wake, wote wakimngoja. Akaupapasa mkaja, akaugeuza, akavuta uzi. Uzi haukuja.

"Amekubali," akasema Kobe.

Siwema akaolewa. Watu walikula, walicheza, na kila aliyetaka kukaa alikaa. Jioni Kobe akamkuta Pimbi kwenye jiwe, upande wake, mkaja umekauka kando yake.

"Unadhani kweli amekubali?" akauliza Kobe.

Pimbi akafikiri. "Nguo amekubali," akasema. "Bwana harusi, mke wangu angemrudisha kwanza mara moja, ampime."

Sasa funzo, kwa kuwa ngano isiyo na funzo hailipwi hata karanga. Funzo ni hili: usibishane na mwenye duka. Bei ikipanda, lipa. Uzi ukija, uache uje. Shuka likichanika, jua kwamba wewe ndiye uliyekaa vibaya. Mtazameni Kiboko maskini, hana nguo mpaka leo, na kosa lake ni lipi? Kujibu maswali ya mteja. Kwa hiyo kesho mkienda dukani msiulize kitu chochote, hasa mkilikuta duka limejaa watu.

Ngano imefika pindoni. Ikikutosha, ivae. Ikikubana, mpe jirani. Ikichuja, mimi sikuiuza.