Uso wa Kwanza wa Mama Talaso

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Leo sina hadithi ya kuwalaza, nina kesi, na nimechoka kuihukumu peke yangu.

Huko Kalacha, kando ya jangwa la Chalbi, aliishi mjane aliyeitwa Mama Talaso. Watoto hakujaliwa. Mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, ndugu za marehemu mumewe walimgawana: mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Chakula hawakumnyima. Lakini kila alipoanza kujua mlango uko upande gani, mwezi uliandama, akahamishwa.

Kiangazi kimoja, siku ya Jumatatu, redio ilitangaza kwamba madaktari wa macho wako Malindi wakifanya upasuaji bila malipo, na mwisho wa kupokea wagonjwa ni Ijumaa saa sita mchana. Ndugu wakatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Waliosema "tutampeleka" walikuwa watu watatu wasio ndugu.

Wa kwanza ni Godana, fundi wa magari, mwenye pikapu kuukuu na sikio la ajabu. Akiisikiliza injini tu anajua inaumwa wapi. Mkewe alimkimbia kwa sababu hiyo hiyo, eti anasikiliza magari, watu hawasikii.

Wa pili ni Dokatu, mchimba visima. Akiutazama mchanga mkavu, anakuambia maji yako kina gani. Binti zake wote wameolewa mbali, na sufuria yake kubwa haijaona moto mwaka wa tatu sasa.

Wa tatu ni Elema, mlinzi wa mnara wa simu juu ya kilima. Watu wa nchi nzima ile wanasalimiana kupitia mnara wake, naye simu yake hukaa hata siku arobaini bila kulia. Ili mdomo usimkauke, hujisimulia kila anachokiona: "Sasa ngamia anapita. Sasa kivuli kimefika kwenye jiwe." Kwa mazoea hayo akapata kipaji: anaweza kukueleza kitu mpaka ukanyoosha mkono ukishike. Alilelewa na wajomba, hajawahi kumwita mtu mama. Neno hilo alilijaribu mara moja kule mnarani, akaona haya mbele ya mbuzi wake.

Kabla ya kupanda gari, Mama Talaso aliwasimamisha.

"Nasikia nyote watatu mnaishi peke yenu," akasema. "Nami nimechoka kugawanywa kama nyama ya sadaka. Daktari akinifungua bendeji, uso wa kwanza nitakaouona ndio wa mwanangu. Nitahamia kwake, na sihami tena mpaka nife."

Wakapanda. Elema alikaa nyuma ya pikapu akiwaza kitanda cha pili kitaingiaje katika kibanda chake. Mpaka wanafika Marsabit, alikuwa amekihamisha mara nne.

Walipoiacha Isiolo na kushika njia ya Modogashe, jua liliwaka hata lami ikanata. Mkanda wa feni ukakatika. Mkanda wa akiba hapana, na duka la kuununua hapana. Godana alivua mshipi wake wa ngozi, akaukata, akaushona kwa waya, akaufunga mahali pa ule mkanda, akatega sikio. "Twendeni," akasema. Tangu hapo aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia suruali. Bila mshipi wa Godana, safari ingeishia pale.

Kesho yake rejeta ilichemka, ikanywa maji yote waliyobeba, hata ya Mama Talaso. Midomo yake ilianza kupasuka. Dokatu alishuka kwenye laga, mto uliokauka ukabaki mchanga mtupu, akatembea akikanyaga kwa kisigino, akasimama. "Hapa," akasema. Akachimba kwa sahani, kisha kwa mikono, mpaka kucha mbili zikang'oka. Maji yakaja, rangi ya chai. Mama alikunywa kwanza, gari likanywa baadaye. Bila kucha za Dokatu, safari ingeishia pale.

Siku ya tatu, walipokwisha kupita Hola, Mama Talaso aliomba gari lisimame. Akashuka, akakaa chini kando ya barabara.

"Nirudisheni. Giza langu nimelizoea. Nikifunguliwa macho nitaona nini? Walionigawana?"

Godana alibembeleza. Dokatu alifoka. Mama akajifunika shuka. Ndipo Elema akakaa karibu naye, akaanza kama anavyofanya mnarani.

"Mbele yetu kuna mwanamke anauza samaki. Ana mtoto mgongoni, na mtoto anataka kula kitambaa cha kichwa cha mamake."

Shuka lilitulia. "Amekipata?"

"Bado. Ameshika pembe tu."

"Na sasa?"

"Sasa mama amegeuka. Mtoto anajifanya amelala."

Mama Talaso alicheka, akanyoosha mkono ainuliwe. "Twendeni. Nataka kujionea mwenyewe."

Godana na Dokatu waliitazama barabara. Ilikuwa tupu, hapakuwa na mwanamke wala samaki. Wakamwinua mama, wakampandisha garini. Elema alisimulia mpaka Malindi, sauti ikamwishia njiani, na kila alipopumzika mama aliuliza, "Na sasa?" Bila maneno ya Elema, safari ingeishia pale.

Walifika Ijumaa saa tano na nusu. Jicho moja likapasuliwa, likafungwa bendeji.

Asubuhi yake watatu wale walikuwa kwenye benchi nje ya chumba. Bahari, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona, ilikuwa ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeinuka kuitazama.

Muuguzi akafungua mlango. "Tunamfungua bendeji kutoka nyuma yake. Aingie mmoja, akae mbele."

"Bila mimi tungekuwa bado Modogashe," Godana akasema.

"Bila mimi mgekuwa mmemzika huko huko," Dokatu akajibu, akiificha mikono yake.

Elema alisema kwa mnong'ono, maana sauti nyingine hakuwa nayo. "Alikuwa amekataa kuja."

"Nawe ukamdanganya, ndugu yangu," Dokatu akasema. "Mtoto yule hakuwapo."

"Hakuwapo."

"Lakini mama akaja," Godana akasema, akiutazama mlango.

Elema aliogopa. Alikuwa amezoea kukosa watu. Kumkosa huyu mmoja, baada ya njia nzima ya kuulizwa "na sasa?", hakujua angeubebaje uchungu wake mpaka kilimani. Akawatazama wenzake, akaona nao wanaogopa hivyo hivyo.

Kutoka ndani sauti ya Mama Talaso ikaita: "Mbona kimya? Mmeniacha?"

Haya, waamuzi wangu. Msiniambie waingie wote, mwenyewe amekwisha kusema hataki kugawanywa. Msiniambie wapige kura ya vijiti, maana mama si kondoo. Muuguzi ameshika mlango, na mama anasubiri jibu. Wewe uliyekaa hapo, ungemwinua nani kwenye benchi lile? Na wale wawili wanaobaki wamekaa, ungewaambia nini?