Vichwa Vitatu vya Kanireshi

Msimuliaji amelibeba fumbo hili miaka mingi na hajalifumbua: watu watatu wakiokoa kijiji, kila mmoja kwa kichwa kimoja, maji yaanzie shamba la nani?

Katika milima ya Wakurdi palikuwa na kijiji cha Kanireshi, chenye chemchemi moja. Humo aliishi Temo, mchungaji aliyeijua njia ya mlimani hata theluji ikiifunika. Aliishi Rinde, aliyeweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Na aliishi Besna, mkunga mjane, mwenye mimba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Mwaka huo wilaya ilitangaza kwamba makazi yasiyofikisha watu hamsini si kijiji tena, bali kitongoji cha kijiji jirani. Jirani wao walikuwa watu wa Dola, kule bondeni, walioitamani chemchemi ile tangu enzi za babu zao. Heso, mkuu wa kijiji, alihesabu watu wake, akamwacha nje ya hesabu baba yake Rinde, aliyekuwa hoi kitandani na asiyetarajiwa kufika siku ya sensa, akapata arobaini na saba.

"Atakayeongeza kichwa siku ya sensa," alisema, "shamba lake litanyweshwa kwanza kila kiangazi."

Besna alijua maana yake. Kiangazi, wa mwisho huvuna vumbi.

Temo alivuka mlima kumfuata Kalo, aliyefukuzwa kijijini kwa kumuua mtoto wa Temo katika ugomvi wa malisho.

"Rudi uhesabiwe," alimwambia. "Utakuwa mtu wa kwetu tena. Naapa kwa kaburi la mwanangu."

"Na mkono wako, Temo?"

"Mkono wangu umekubebea mkate. Kula, twende."

Baba yake Rinde alikata roho alfajiri ya sensa. Ilipasa aoshwe na kuzikwa kabla ya adhuhuri. Rinde alimkalisha karibu na jiko, akamfunga kilemba, akajibanza nyuma yake kana kwamba anamkanda mgongo. Karani wa sensa alipouliza jina, sauti ya mzee ilijibu, "Uliza majina ya mbuzi wangu. Langu mmeshaliandika hadi limechakaa." Karani akacheka, akaandika.

Besna alikuwa amebakiza mwezi mmoja. Alichemsha majani ambayo siku zote aliwakataza wenzake, akayanywa. Mtoto alizaliwa asubuhi ile, wa kike, mwepesi kama kitambaa kilichomfunika. Naye akaandikwa.

Hamsini. Kanireshi ikabaki kijiji.

Mtoto hakuuona usiku. Ardhi ilikuwa imeganda, na mwenye nguvu za kuichimba alikuwa Kalo peke yake. Alichimba makaburi mawili, refu na fupi. Lile fupi alilichimba polepole zaidi. Besna aliliona hilo.

Kesho yake walisimama mbele ya wazee.

"Kichwa changu bado kinapumua," alisema Temo. "Maji ni yangu."

"Wako umemtembeza tu," alijibu Rinde. "Mimi nimemcheleweshea baba yangu kaburi ili wewe ubishane hapa."

"Ningemwacha mwezi mmoja tu," alisema Besna, "angeishi."

Wazee walinong'onezana kitambo, kisha Heso akatoa uamuzi. Vichwa viwili vimekwisha kutoka. Ili madai yalingane, cha tatu nacho kitoke. Kalo arudi alikotoka, leo hii. Maji yatazungumzwa baadaye.

Nje theluji ilikuwa ikianguka.

"Mzee Heso, mtu huyu aliapiwa," alisema Besna.

"Aliletwa ahesabiwe, binti yangu. Amehesabiwa."

"Na nani atampeleka katika hali hii?"

Aliyeijua njia chini ya theluji alikuwa mmoja tu. Temo alisimama akafunga mkanda wake. Kalo hakumsihi mtu. Alikwangua udongo kwenye sepetu, akaiegemeza mlangoni kwa Besna, akamfuata.

Temo alirudi jioni, peke yake. Joho la Kalo lilikuwa begani mwake.

Sasa kiangazi kimeingia. Jiwe bado limeziba mfereji wa chemchemi, na watatu wale wamesimama na majembe yao, hakuna anayemtazama mwenzake. Nanyi mnaosikiliza, jiwe lile mngeliondoa maji yaende shamba la nani?