Kadi Saba Mfukoni mwa Kocha

Wapendwa, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, mfano huu ni mfupi. Kulikuwa na timu moja ya mpira wa kikapu, ya mtaani tu, yenye mashabiki wengi kuliko mipira. Mashabiki hao walikuwa kambi mbili. Kambi moja ilivaa jezi yenye namba ya nyota wa zamani, aliyestaafu wengi wao wakiwa bado wananyonya. Nyingine ilivaa namba ya nyota wa sasa. Kila Jumamosi ubishi ulikuwa ule ule: nani mkali?

"Huyo wenu anafunga kutoka mbali kwa sababu siku hizi hakuna wa kumkaba!"

"Na wenu alikabwa na nani? Makarani wa posta?"

Ikafika mechi ya mwisho ya ligi, ukifungwa unashuka daraja. Nyota wa sasa akateguka mguu akipasha misuli moto. Wakabaki wachezaji wanne, na mchezo huu hauanzi bila watano. Mwamuzi akawapa dakika kumi na tano. Kocha akakimbilia jukwaani, jasho likimtoka.

"Jamani, nani anaingia?"

"Wa zamani!" wakapiga kelele hawa.

"Wa sasa, hata kwa mguu mmoja!" wakajibu wale.

Hapo huwa nachanganyikiwa mimi mwenyewe ninayesimulia. Mtu anaomba mchezaji, wewe unamtajia mstaafu? Lakini wao hawakuona ajabu yoyote. Waliulizwa swali jipya, wakajibu lile walilolizoea.

Kocha akachomoa kadi saba mfukoni. Zilikuwa za wachezaji waliosajiliwa mwezi wa kwanza, wakaja mazoezini wiki mbili, kisha wakaona jukwaani kuna kivuli, wakahamia huko. Akamshika mkono jamaa mmoja mwenye jezi ya nyota wa zamani.

"Hii picha ni ya nani?"

"Ni... ni yangu, mwalimu. Lakini mimi ni shabiki."

"Nani alikwambia?"

Yule bwana akaitazama kadi, akautazama uwanja, akairudia kadi. Hakuwa mkaidi, wapendwa. Alikuwa haelewi kweli. Alishasahau kwamba yeye ni mchezaji! Akiwa bado anaitazama, filimbi ikalia: dakika kumi na tano zimekwisha. Timu ikashuka daraja bila mpira kurushwa hata mara moja. Nao wakatoka uwanjani wakibishana: angekuwepo yule wa zamani, tusingeshuka.

Mnacheka? Haya, chekeni. Mimi hasira zinanipanda, kwa sababu mashabiki hao nawajua, watoto wao nawabatiza mimi. Mnadhani sisikii? "Mchungaji aliyepita alihubiri mpaka watu wakalia." "Ah, lakini huyu anaimba." Mwaka wa sita huu mnatulinganisha, na aibu yangu ni kwamba hata mimi nimeanza kujiuliza nani zaidi. Sijui nilipotelea wapi. Sisi sote tumebatizwa, majina yetu yamo kitabuni. Tulikubaliana lini kuwa watazamaji?

Katibu amesimama pale mlangoni na majina ya wagonjwa wanne wa mtaa huu. Mmoja ni mama mjane, leo siku ya tisa hajabishiwa hodi. Ukitoka usinisifu mimi, wala usimsifu mwenzangu aliyenitangulia. Chukua jina moja, uende leo.