Mkono wa Beki

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na mwana aliyecheza beki. Mwalimu aliitwa Lwitiko, na mwanawe Ipyana. Mji wao ulikuwa mdogo, wenye mvua nyingi na kiwanja kimoja cha mpira, na timu yao iliitwa Radi. Siku za kazi Ipyana alichomelea milango na madirisha ya chuma. Jumamosi alivaa jezi namba tano akasimama mbele ya goli, na mji mzima ukamtegemea.

Kila mechi Lwitiko alikaa mahali pamoja, kwenye ubao wa kukalia wa chini kabisa, karibu na kibendera cha kona. Hapakuwa na mtu aliyemfokea Ipyana zaidi kuliko baba yake. Akichelewa kurudi, alifokewa. Akibutua mpira ovyo pale alipopaswa kumpasia mwenzake, alifokewa. Wageni waliokaa karibu walidhani mzee huyu ana chuki na namba tano, mpaka walipoambiwa kwamba ni mwanawe wa kumzaa. Aliyemtetea kijana siku zote alikuwa Gwakisa, mwenye lori la ndizi. Gwakisa aliketi bega kwa bega na Lwitiko, na zamani alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la nne. Alisema mwalimu anamwonea kijana. Mwalimu alisema mpira ni kama hesabu, ukikosa umekosa. Walibishana hivyo kwa miaka tisa, na kila mechi ilipokwisha walifuatana kwenda kwa Mama Bupe, aliyekuwa na mgahawa karibu na kiwanja, wakaketi kwenye benchi la nje, na ubishi ukaendelea hapo mpaka chai ikapoa.

Ukaja mwaka wa kumchagua rais.

Wagombea walikuwa wengi, lakini kwenye benchi lile walihesabiwa wawili tu. Wa kwanza aliahidi kupunguza kodi. Ushuru wa mazao ungeondolewa, tozo ya mafuta ingekatwa nusu, na mfanyabiashara mdogo angepumua. Wa pili alisema hatapunguza hata senti, ila kila shilingi itaonekana kwa macho katika zahanati, barabara na madarasa. Gwakisa alikuwa wa yule wa kwanza, na alikuwa na sababu. Kutoka shambani hadi sokoni lori lake lilisimamishwa kwenye vizuizi vitatu, na katika kila kizuizi alilipia ndizi zilezile. Lwitiko alikuwa wa yule wa pili, naye alikuwa na sababu. Mkewe alilazwa miezi miwili katika hospitali ya serikali, aliingia amebebwa akatoka anatembea, na mwalimu hakusahau kwamba wodi ile ilijengwa kwa kodi.

Mwanzoni walibishana kama walivyozoea kubishana juu ya mpira. Gwakisa alikubali kwamba wodi haijengwi kwa maneno. Lwitiko alikubali kwamba kulipia mkungu mmoja mara tatu ni uonevu. Watu wengine wa timu walisogea kusikiliza, kila mmoja na lake. Mama Bupe alisema baadaye kwamba wiki zile mbili za kwanza zilikuwa tamu kuliko zote, maana hata yeye ndipo alipojua kuwa akinunua sukari tayari amelipa kodi.

Kisha zikaja kofia na fulana. Gwakisa akavaa kofia ya mtu wake. Mwalimu akapewa fulana ya mtu wake, akaivaa juu ya shati lake la kola. Tangu siku hiyo maswali yalipungua na sauti zikapanda. Mgombea wa Gwakisa alihutubia wafanyakazi katika mji wa jirani akaahidi kuwaongezea mishahara, na ilikuwa wiki ileile aliyoahidi kukata kodi. Mtu mmoja kwenye benchi akauliza fedha itatoka wapi. Gwakisa hakuwahi kununua tairi bila kuuliza bei katika maduka matatu, lakini siku hiyo alijibu kwamba mkubwa ana mipango yake. Mgombea wa Lwitiko, naye, aliwahi kuwa waziri, na katika wakati wake kituo cha afya cha kata ya pili kilipandishwa kuta kikaachwa bila bati kwa miaka mitatu. Lwitiko alipoulizwa juu ya kituo hicho, alisema ni mvua. Huyu ndiye mwalimu aliyekuwa akiwakosesha watoto kwa kusahau nukta.

Siku moja ubishi ulipokuwa mkali, Gwakisa alisema mbele ya watu kwamba si ajabu mwalimu kuipenda kodi, maana anaila. Alisema pensheni ya mwalimu ni jasho la wenye malori. Lwitiko akaweka kikombe chini. Akajibu kwamba hesabu anazopigiwa leo, aliyezifundisha ni yeye, na kwamba anajuta kuzifundisha. Hakuna aliyecheka. Watu hawa wawili walikuwa wamefokeana kwa miaka tisa bila mmoja wao kuumia, kwa sababu kitu walichokuwa wakikigombania walikipenda wote wawili. Siku hiyo waliumia. Gwakisa aliondoka bila kuaga, na kesho yake lilionekana benchi la pili, ng'ambo ya mlango. Wenye kofia walikaa huku na wenye fulana kule. Mama Bupe akawa anazunguka na birika moja kati ya watu waliokuwa wakinywa chai ileile na kupeana mgongo.

Wiki moja kabla ya kura, Radi walicheza mechi ya mwisho ya msimu katika kiwanja chao. Wakishinda au wakitoka sare wangepanda daraja, jambo ambalo mji ule haukuwahi kuliona. Wenye kofia walikaa upande wa mashariki, wenye fulana upande wa magharibi. Timu ilipoingia, wachezaji hawakujua wageukie wapi kuwapungia watu wao mkono.

Hadi dakika ya themanini na mbili hapakuwa na bao. Ndipo ikaja krosi kutoka kulia. Ipyana aliruka na mshambuliaji wa wageni, mkono wake ukapanda juu ya kichwa, na mpira ukagonga kiganja. Kiwanja kizima kiliona. Refa akaonyesha penalti, na penalti ikawa bao.

Upande wa mashariki ulianza kuzomea, lakini haukuuzomea mkono. Watu waliimba kwamba baba anakula kodi, mwana anauza mechi. Gwakisa hakuimba. Hakuwanyamazisha pia, na kofia yao ilikuwa kichwani mwake. Upande wa magharibi Lwitiko alisimama, na waliomzoea wakangoja kumsikia akimfokea mwanawe kama ilivyo desturi. Lakini mwalimu alipaza sauti akasema refa amenunuliwa, hapakuwa na mkono wowote, na huo ni mpango wa watu wa kofia. Waliomzunguka wakaitikia, hata wale waliouona mkono kwa macho yao. Ipyana aligeuza kichwa kuelekea kibendera cha kona. Baba yake hakuwa akimtazama, alikuwa akiwanyooshea kidole watu wa ng'ambo. Mechi ikaisha hivyo, na Radi hawakupanda.

Baada ya mechi watu walikaa kwa Mama Bupe, kila kundi kwenye benchi lake, wakizungumza juu ya refa na juu ya uchaguzi kana kwamba ni jambo moja. Ipyana akaja. Alikuwa bado na jezi, matope yamemfika magotini, viatu ameshika mkononi. Akasimama katikati ya mabenchi mawili. Baba yake akaanza kumweleza kwamba malalamiko yataandikwa, kwamba yuko mtu anayemfahamu katika chama cha mpira. Ipyana akamwacha amalize. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Baba, niliushika ule mpira, na uliona. Miaka yote hii ukinifokea nilijua kwamba yupo mtu mmoja anayenitazama mimi. Leo nilipokosa, ulikuwa unamtazama nani?"

Akamgeukia Gwakisa. Alimtazama, kisha akaenda zake kuoga. Chai ya mwalimu ilibaki mezani kama ilivyomiminwa. Gwakisa alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi, akaivaa tena, akaondoka kabla ya wenzake.

Jumatatu asubuhi Lwitiko alikwenda kwa Gwakisa kwa miguu. Alimkuta juu ya lori akikaza kamba kwenye mikungu. Mwalimu alisimama chini akamwambia kwamba hakuja kwa ajili ya mechi, alikuja kwa ajili ya kituo cha afya kisicho na bati. Hata katika mji wao, alisema, mvua hupumzika. Mtu wake alikuwa waziri kwa miaka ile mitatu, na yeye Lwitiko hakutaka kuuliza kwa sababu aliogopa jibu lingewafurahisha watu wa benchi la pili. Kisha akasema kwamba lile neno la kujuta lilikuwa la hasira, na kwamba katika miaka thelathini na mbili ya kufundisha hakuna mtoto aliyejuta kumfundisha.

Gwakisa alishuka. Alisema kwamba siku ile ya mechi aliusikia ule wimbo na akanyamaza, na kwamba tangu hapo hajaweza kupita karakana anayofanyia kazi Ipyana. Akasema jambo jingine pia. Kwa wiki tatu, alisema, amekuwa akiendesha lori na hesabu kichwani, kodi ikatwe na mishahara ipande, na kila akiipiga haikubali. Hakuwa na wa kumwonyesha. Akaomba mwalimu aitazame.

Mwalimu akatoa chaki mfukoni, maana walimu wastaafu huwa nayo, akaandika ubavuni mwa lori. Waliipiga hesabu ya mgombea wa Gwakisa kwa makadirio waliyoyasikia redioni, na haikukubali. Gwakisa akaomba waipige na ya yule mwingine. Waliandika zahanati zote, barabara zote na madarasa yote yaliyoahidiwa kwa miaka mitano, na hiyo nayo haikukubali. Walisimama wakitazama ubavu wa lori uliojaa tarakimu nyeupe. Gwakisa ndiye aliyeanza kucheka, na mwalimu akafuata, mpaka akashika tairi asianguke. Lori lilikwenda sokoni na hesabu zile bila kufutwa, na askari wa kizuizi cha pili, wasemavyo watu, alizisoma zote mbili kabla ya kufungua.

Kutoka pale Lwitiko alikwenda karakana. Ipyana alikuwa amevaa miwani myeusi, anachomelea geti. Baba yake alimwambia kwamba tangu akiwa darasa la tatu anamwagiza ashushe mikono anaporuka, na kwamba mkono ule wa Jumamosi ulikuwa wa mtu anayening'inia kwenye tawi. Alimwambia pia kwamba alichelewa kugeuka, na kwamba krosi ile ilikuwa ya kichwa chake kama angepiga hatua moja mbele. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Ipyana hakuzima mashine, lakini mafundi wenzake waliona mashavu yake chini ya ile miwani, wakajua kwamba anatabasamu.

Siku ya kura mwalimu na mwenye lori walipanga foleni moja. Hakuna aliyembadilisha mwenzake. Gwakisa alimpa kura mtu wake na Lwitiko akampa wake, kisha wakaenda kwa Mama Bupe, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameliingiza benchi la pili ndani na kuliwekea masufuria. Mtu wa Gwakisa akashinda. Mwalimu alimpa Gwakisa mkono wa pongezi.

Ikapita miezi sita. Vizuizi vitatu vilikuwa bado vimesimama barabarani, na ndizi zilikuwa bado zinalipiwa mara tatu. Diwani, ambaye alikuwa wa chama cha rais mpya, akaitisha mkutano kwenye kiwanja cha mpira. Alijiandaa kujibu maneno ya walioshindwa, na alijua watakaa wapi na watasema nini. Aliyesimama kwanza alikuwa Gwakisa, na kofia ya rais ilikuwa kichwani mwake. Alivitaja vizuizi kimoja kimoja, mahali kilipo na kiasi kinachotozwa, akauliza ahadi imefikia wapi. Nyuma yake wenzake wa kofia wakaguna. Mmoja akamwita msaliti. Gwakisa akageuka.

"Kura nilimpa mimi," alisema. "Kwa hiyo wa kwanza kuuliza ni mimi."

Lwitiko alisimama wa pili. Wengi walidhani atafurahia aibu ile. Yeye alisema kizuizi kimoja kati ya vile vitatu kipo kwa mujibu wa sheria, na kwamba kibaki, ila kinachokusanywa pale kisomwe hadharani kila mwezi na kianze kununua bati za kituo cha afya kilichoachwa wazi na mtu wake mwenyewe. Alisema hivyo, mtu wake mwenyewe, na akarudia ili katibu aandike.

Kati ya vile viwili vingine, kizuizi kimoja kiliondolewa kabla ya mavuno. Cha pili bado kipo, na watu wawili wanakwenda kukiulizia kila wiki, mmoja akiendesha na mwingine ameketi pembeni yake. Bati zimefika nusu.

Nawe ndugu yangu, huyo uliyempa kura yako, mara ya mwisho ulimfokea lini?