Mkwe Asiyekula

Sogeeni karibu, wanangu, mnipe masikio. Palikuwa na mama mmoja mfugaji wa mbuzi, jina lake Mashavu, aliyemwoza bintiye Semeni kwa mgeni mwenye sura nzuri. Mgeni akahamia kwao, lakini hakula kamwe.

Akiletewa ugali, "Nimeshiba, mama." Akiletewa maziwa, "Nimeshiba, mama." Akiletewa nyama, "Nimeshiba, mama." Na bado akanenepa, akanenepa, mpaka kitanda kikawa kinalia.

Mashavu akaingiwa na shaka. Mvua ilinyesha, lakini majani ya malishoni yakawa manjano. Kisha maziwa ya mbuzi yakakauka. Kisha Semeni akakonda, akabaki mifupa.

"Sisi tunakonda kwa njaa," akawaza Mashavu. "Huyu ananenepa kwa kula nini?"

Mchana mmoja akamnyatia. Akamkuta malishoni amelala chali, kinywa kimeachama, na mwanga wote wa jua unamwingia kooni kama maji mtungini. Majani yaliyomzunguka yalikuwa gizani. Kumbe ni zimwi!

Mashavu akarudi nyumbani, akangoja. Lilipofika, akaliambia kwa upole, "Mkwe wangu, hebu nitazamie panya ghalani." Zimwi likaingia. Akabana mlango, akaziba kila ufa kwa udongo, mwanga usipenye.

"Mama, mume wangu!" Semeni akalia.

"Mumeo anatula sote, mwanangu. Ameanzia kwenye majani."

Mle ndani sauti ikaomba, ikafifia, ikanyamaza. Walipofungua, palikuwa na vumbi tu.

Majani yakachipua, mbuzi wakala, maziwa yakatoka. Semeni akapokea bakuli huku machozi yakimtiririka. Akanywa lote, akaomba jingine.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, nami naitua hapo.